Mama Maneno na Nyumba Isiyojibu

Saa mbili na robo asubuhi, mwalimu wa chekechea amepiga magoti sakafuni, macho yake sawa na ya msichana wa miaka minne. Mkononi ana kikombe cha plastiki.

"Nataka…" anaanza mwalimu, kisha anamwachia mtoto amalizie.

Nyuma yao watoto ishirini na sita wanapiga kelele. Mwalimu hageuki. Anahesabu kimoyomoyo hadi kumi, halafu anaongeza kidogo tu: "Nataka ma…"

"Maji," anasema mtoto kwa sauti ya chini.

"Unataka kunywa maji," mwalimu anamjibu na kumpa kikombe. Ndiyo kawaida yake: mtoto akitoa neno moja, yeye humrudishia matatu. Kesho hatampa hiyo "ma". Wiki ijayo atashika kikombe tu, angoje.

"Nikimtangulia, nimemnyang'anya neno," anaeleza. "Namshika mkono, lakini kazi yangu hasa ni kuuachia."

Msichana huyo alianza shule bila kutamka chochote. Mama yake, mshonaji, alishachoshwa na maneno ya majirani na alitaka kumbakiza nyumbani. Mwalimu akamwomba miezi mitatu. Wiki saba zilipita kimya kimya kabla ya neno la kwanza.

Mwalimu ana miaka hamsini na minne, ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kufundisha chekechea. Wazazi humwita Mama Maneno. Lakini saa nane mchana akishafunga darasa, maneno nayo hukatika.

Mumewe alikuwa kinyozi, na wateja walimfuata zaidi kwa mdomo wake kuliko kwa mkasi wake. Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi. Mkono ulipata nguvu tena, ulimi haukufunguka. Anaelewa kila kitu. Watoto wao wawili wanaishi mbali. Hupiga simu Jumapili, na simu zenyewe zimezidi kuwa fupi.

"Tuko wawili, lakini mimi ndiye nauliza, mimi ndiye najibu," anasema mwalimu. "Nikuongezee chai? Niongezee. Sukari imetosha? Imetosha."

Siku moja mshonaji alimuuliza amsaidieje mwanawe nyumbani. Mwalimu akamwambia asimjibie mtoto, amngoje. Jibu hilo likamwandama njia nzima hadi kwake.

Jioni ile alimshikia mumewe mashati mawili, akamuuliza anataka lipi, akangoja. Mume akakasirika, akageukia ukutani. Kesho yake vivyo hivyo. Safari ya tatu machozi yalimtoka mzee, na mkewe nusura aache. Wiki ya tano mume akasema, "Bu… buluu."

Mwalimu alimvalisha shati, akaenda jikoni, akalia. Alitamani kumsimulia mtu, akakosa wa kumsimulia.

Leo mumewe ana maneno kumi na moja. Jina la mkewe bado halimo.

Muhula ujao, mwalimu ataanza kuja naye darasani kila Ijumaa. Mwalimu mkuu ameshakubali. Huko, anasema, hakuna anayemcheka mtu kwa nusu neno, kwa sababu wote wanalo.

Akiulizwa anatamani kusikia neno gani kwa mumewe, anafikiri kidogo.

"Hapana," anasema. "Mume wangu alikuwa mbishi sana. Nina hamu ya kubishiwa."