Kawa Ambayo Sikuifunua

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja niliyokabidhiwa barua yenye harufu ya bizari. Miguu yangu sasa imechoka kupanda ngazi, lakini hadi leo harufu hiyo ikipita dirishani huniinamisha kichwa. Nitakueleza kwa nini. Kwanza, hata hivyo, ujue kanuni yangu, maana sitaki unisikilize bila kunipima: niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoyasikia nitasema nimeyasikia na kwa nani. Mtu asiyetenganisha mawili hayo usimpe sikio lako.

Juzi ulikuja kunisalimu ukitokea nyumba yako mpya ya Fumba. Uliniambia kuwa masanduku bado hujayafungua, kwa sababu hujui kama utakaa. Jina la jirani wa kushoto hulijui, wala la wa kulia. Nikakuuliza habari ya ile nafasi ya kazi katika hoteli ya Kendwa, ukajibu kwamba hukupeleka maombi, kwa kuwa nafasi zile zina wenyewe. Nikakuuliza umeambiwa na nani. Ukanipa simu yako. Nilivaa miwani nikasoma ujumbe usio na jina la mwandishi wala siku ulipoandikwa, uliopita kwenye mikono ya watu wasiojulikana kama bakuli la sadaka. Nikauliza tena, ni nani hasa?

"Watu, babu," ukasema.

Sikukugombeza siku ile, kwa sababu ulikuwa mgeni wangu na chai ilikuwa mezani. Leo hupo mbele yangu, basi nakugombeza kwa maandishi. Watu hao nawafahamu. Ndio walionikosesha kazi yangu ya kwanza, nami mwenyewe niliwasaidia.

Nilikuwa na umri kama wako nilipotoka Chwaka kuja kukaa Mjini, cheti changu cha shule nimekilaza katikati ya daftari kisikunjike. Nilikuwa na hati nzuri ya mkono, na nilijua kuwa ni nzuri, jambo ambalo halikunisaidia sana. Baba alinipatia chumba cha chini katika nyumba ya zamani mtaa wa Mkunazini, nyumba yenye ua wa ndani ulio wazi juu, na roshani ya mbao inayouzunguka ua huo kwenye ghorofa. Juu alikaa mwenye nyumba, Bi. Zuhura. Mumewe alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla sijahamia, na yeye alikuwa katika eda. Adabu ya eda unaijua: kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki bila dharura, na kwa desturi ya wazee wetu hazungumzi na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mambo yote ya chumba niliyapanga na kaka yake, Maalim Khamis, aliyekuja kumtazama kila Ijumaa baada ya sala. Bi. Zuhura mwenyewe sikumwona. Nilisikia kikohozi chake na kandambili zake tu.

Siku ya pili ya kuhamia kwangu, baada ya adhuhuri, kamba ilishuka kutoka roshanini. Mwishoni mwake palikuwa na kikapu, ndani ya kikapu sahani, na juu ya sahani kawa, kifuniko cha ukindu chenye mistari ya zambarau. Halikusemwa neno, na halikuhitajika. Mgeni ameingia nyumbani, mwenyeji anamlisha. Wewe unafunua, unakula, unaosha sahani, unatia humo chochote ulichonacho, hata ndimu moja, kisha unaivuta kamba mara mbili ili aliye juu apandishe. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku ile nilikula wali wa nazi na mchuzi wa changu, nikarudisha sahani na ndimu mbili, nikalala usingizi mzuri wa mchana.

Jioni nilikwenda kukaa barazani, mwisho wa mtaa. Hapo nilimkuta Shaibu, mtu wa makamo mwenye kanzu safi, asiye na kazi yoyote na mwenye habari za kazi zote. Yafuatayo nimeyasikia kwake.

"Umeshakula cha juu?" akaniuliza.

Nikamwambia nshakula.

"Basi ushakwisha, bwana we. Wapangaji wawili kabla yako wamekula kikapuni. Mmoja karudi kwao Pemba, wa pili hata sijui yuko wapi. Kazi hawakupata. Na marehemu mwenyewe, Jumatatu alikuwa mzima, hapo ulipokaa wewe."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikasogea kidogo kutoka pale nilipokaa. Nilikuwa nimesoma, mwanangu, lakini tumbo langu halikuwa limesoma. Kesho yake kikapu kiliposhuka nilikitazama kwa mbali kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Sikuifunua ile kawa. Niliivuta kamba mara mbili, na chakula kikapanda kama kilivyoshuka, siku ile na zilizofuata. Nikanunua mkate wa boflo na chai ya rangi, nikala kitandani nikijiona mwerevu.

Tangu hapo kila kitu cha nyumba ile kilinitia shaka. Bi. Zuhura akikohoa, niliona ni ishara. Akinyamaza, niliona ni ishara kubwa zaidi. Nguo sikuzitundika. Sanduku nililiacha limefungwa kamba, tayari kwa safari ya kurudi Chwaka, na mtu anayekaa na sanduku lililofungwa huwa ameshaondoka nusu.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka maombi katika idara moja iliyohitaji karani wa kumbukumbu. Idara siitaji, kwa sababu haikunikosea. Niliipeleka barua kwa mkono wangu, nikaambiwa kwamba watakaoitwa kwenye usaili watapelekewa taarifa nyumbani na tarishi. Siku zikapita. Nikamweleza Shaibu.

"Ile imeshakwenda," akasema. "Kapewa mpwa wa mkubwa wao."

Nikamwuliza kajuaje. Akanijibu kuwa mji mzima unajua.

Hapa nisimame kidogo. Mtu akikwambia mji mzima unajua, mwombe majina matatu. Mimi sikumwomba hata moja, na nitakwambia sababu yake, ingawa inanitia haya. Habari mbaya ina utamu wake: inakupa ruhusa ya kulala. Ofisi yenyewe ilikuwa karibu, ungeacha chai ikipoa ukaenda ukarudi ukaikuta bado vuguvugu. Sikwenda kuuliza. Nilirudi barazani, nikawasimulia wengine habari ya mpwa wa mkubwa, na jioni ile nami nikawa mmoja wa wale wanaoitwa watu.

Wazee walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nawaheshimu waliosema. Lakini umri wangu wote nimeona mengi yaliyosemwa, hayakuwapo, na wala hayakuja.

Ikafika Ijumaa ile. Maalim Khamis alipanda kumtazama dada yake, akakaa huko zaidi ya kawaida yake, kisha nikamsikia akishuka ngazi polepole. Alisimama mlangoni pangu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba bila ya kunitazama usoni. Mkononi alikuwa na bahasha yenye doa la manjano.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, Maalim."

"Umefunga?"

"Hapana."

"Basi dada yangu amekukosea nini?"

Akaniwekea bahasha kitandani na kunieleza yaliyopita. Tarishi alibisha hodi Jumatatu, nami nilikuwa barazani. Bi. Zuhura alishusha kikapu kwa dirisha la njiani, tarishi akaitia barua humo. Yeye hawezi kuniita, na hakuwa na wa kumtuma. Kwa hiyo akaiweka barua mahali alipoamini kuwa mtu mwenye njaa hawezi kukosa kupaona, chini ya kawa, ubavuni mwa sahani. Jumatatu kikapu kikarudi na barua yake; vilivyorudi siku za nyuma alidhani ni haya ya mgeni. Jumanne akakishusha tena, kikarudi tena. Jumatano alipika biriani, akidhani huenda nimechoka na samaki. Biriani nalo likarudi. Akajua nimesusa ujirani, akaacha kukishusha.

Nikaifungua bahasha. Usaili ulikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Jana yake.

Maalim Khamis hakupandisha sauti. "Wewe kijana, shaka unayo nyingi," alisema, "lakini umeipeleka nyumba isiyo yake. Umemshuku aliyekulisha, ukamwamini aliyekuchekesha. Kesho asubuhi nenda kaulize."

Nikamwambia hakuna faida tena, mlango umeshafungwa.

"Umeuona umefungwa, au umeusikia?"

Akaondoka.

Zama hizo ofisi zilifunguliwa hata Jumamosi asubuhi. Nilikwenda. Karani mkuu, mzee mwenye miwani minene, aliitazama barua yangu, akalinusa lile doa, akaniambia kuwa waliningoja mpaka adhuhuri, na kwamba hati yangu waliipenda. Nafasi alipewa kijana wa Makunduchi. Nikajikaza nikamwuliza kama huyo ndiye mpwa wa mkubwa. Mzee akanitazama juu ya miwani.

"Mpwa gani?" akasema. "Mkubwa wetu hana kaka wala dada. Mpwa atamtoa wapi?"

Na kijana wa Makunduchi nilimwona kwa macho yangu, amekaa kwenye meza ambayo ingekuwa yangu, na viatu vilivyomzidi miguu. Alikuwa hamjui mtu yeyote mjini. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza kama najua mahali pazuri pa kula mchana.

Niliporudi nilipita barazani. Shaibu alinitazama uso wangu, akaelewa. "Si nilikwambia?" akasema, na akawageukia wenzake kama mtu aliyeshinda kesi. Niliingia ndani, nikafungua sanduku, nikatundika nguo zangu moja moja.

Adhuhuri nilikaa uani kuingoja kamba. Haikushuka. Siku ya pili haikushuka. Nilikuwa na boflo langu mkononi, lakini niliona njaa ya namna nyingine. Siku ya tatu nilikwenda sokoni, nikanunua ndimu, nazi mbili na ngisi mkavu, nikaviweka kwenye ngazi ya chini, nikapiga hodi kwa sauti, nikajiondokea kabla sijasikia mtu akitembea. Siku iliyofuata kamba ilishuka. Kawa niliifunua kabla kikapu hakijagusa sakafu.

Sikupata kazi kwa muujiza, na anayekusimulia miujiza ya kazi mshuku. Nilitafuta miezi mingine, nikala kikapuni kila siku. Kila nilipoambiwa kuwa mahali fulani hapana nafasi, nilikwenda kuangalia. Milango mingi nilikuta imefungwa kweli, nisikudanganye. Lakini skuli moja ambayo barazani walisema walimu wamejaa, nilikuta mwalimu mkuu akisomesha madarasa mawili kwa wakati mmoja, chaki katika kila mkono. Hapo nilisomesha mpaka nikastaafu. Wapangaji wale wawili pia nilifuatilia habari zao. Maalim aliniambia kuwa mmoja alirudi Pemba kwa sababu kazi aliipata huko Pemba, na wa pili alioa akahamia Bumbwini. Hayo nimeyasikia kwa Maalim, kisha nikamwandikia yule wa Pemba, akathibitisha.

Eda ilipokwisha, Bi. Zuhura alishuka ngazi kwa buibui lake jeusi, mwanamke mfupi kuliko kikohozi chake. Nilisimama nikampa shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Nilidhani Chwaka hamna kawa."

Nyumba ile nilikaa miaka kumi na mmoja.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uipokee kama ilivyo, bila sukari. Sikwambii kuwa kazi utaipata kesho, kwa sababu sijui. Lakini na yule anayekwambia hutaipata kamwe hajui pia, na ujinga wake usiupe heshima kuliko wangu. Watu husema mtu mwenye matumaini ni mtu anayeamini kila kitu. Si kweli. Mwenye matumaini ni mbishi. Hakubali kuwa mlango umefungwa mpaka ausukume mwenyewe. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema wa kale, na mimi ujana wangu niliviua vyote viwili kwa wakati mmoja, nikiwa nimekaa barazani.

Nenda Kendwa na maombi yako mkononi. Wakikataa, kukataa huko kuwe na uso na jina, si ujumbe wa simu usio na mwenyewe, na ukitoka hapo ubishe kwingine. Masanduku yafungue leo, hata kama kesho utahama, maana moyo hautulii katika nyumba ambayo nguo zake ziko safarini. Jirani wa kushoto mpigie hodi. Akikuletea chakula, kifunue mbele yake, ule, na sahani isirudi tupu. Ukiwa na shaka, na ni vizuri uwe nayo, ipeleke kwanza kwa maneno yanayokuja bila mwenyewe, ndipo uje kwa watu wanaokuja na sahani.

Mwenyezi Mungu aijaalie nyumba yako ya Fumba kuwa ya baraka, akupe riziki ya halali na jirani mwenye subira kama Bi. Zuhura. Na siku heri yako itakaposhuka kimya kimya imefunikwa, akupe mkono usiosita kuifunua. Amin.