Siku Sheikh Alipomsifu Baba

Harufu ya zulia jipya, ile ya sufi na gundi, hunirudisha Ujiji mwaka ule watu wa Kongo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Nilikuwa na miaka minane. Msikiti wetu ulikuwa umepata zulia jekundu, la kwanza maishani mwake, na baba yangu, katibu wa msikiti, alilipenda kuliko alivyotupenda sisi. Alikuwa akiinama kuokota uzi mmoja mmoja. Kabla hujakanyaga, alikukagua nyayo.

Wiki ile mvua haikupumzika. Jumanne asubuhi, nikiwa nimempelekea baba chai msikitini, alikuja mama mmoja kutoka Uvira na watoto watatu, nguo zimewaganda mwilini. Jina lake, nililokuja kulijua baadaye, lilikuwa Mama Riziki. Aliomba wajisitiri ndani mpaka mvua ikatike. Baba hakumfokea. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayeeleza sheria aliyoikuta, kwamba watoto wana matope na nyumba ya ibada inataka tahara. Yule mama aliitika, akashukuru, akarudi mwaloni, kule ufukweni mwa ziwa, ambako wenzake walikuwa wamejibanza chini ya mitumbwi iliyopinduliwa.

Ijumaa, baada ya swala, Sheikh Maulidi alisimama kutoa mawaidha. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kubembeleza. Sisi wanawake na watoto tulimsikia kupitia kipaza sauti upande wetu wa pazia.

"Ndugu zangu," alisema, "nataka tumpongeze katibu wetu. Wiki nzima mvua imenyesha, lakini zulia letu halijaguswa na tone hata moja. Semeni Alhamdulillahi."

Watu wakaitikia kwa nguvu, mimi nikiwashinda wote.

"Pale mwaloni kuna watoto waliolowa tangu Jumatatu. Zulia ni kavu. Kuna kichanga kinakohoa. Zulia halikohoi. Semeni Alhamdulillahi."

Safari hii sauti zilianza, zikafia njiani. Mimi peke yangu nilimaliza neno lote, na shangazi akanifinya paja. Sheikh alitutakia Ijumaa njema akaketi.

Nilikimbia nyumbani nikamkuta baba amenitangulia, amekaa mbele ya sahani ya ugali na samaki wa migebuka, hajaigusa. Nikampa shikamoo, nikamwambia kwa fahari kwamba Sheikh amemsifu mbele ya watu wote.

Akauliza, "Umesikia amenisifu?"

"Ndiyo, baba. Kwamba umelilinda zulia lisilowe kama wale watoto."

Mama, aliyekuwa mlangoni, aligeukia ukuta. Baba alinawa mikono, ingawa hakuwa amekula, akatoka na mvua ile bila mwavuli. Kabla ya alasiri alikuwa amelikunja zulia yeye mwenyewe, ametandika mikeka, na Mama Riziki na wenzake wako ndani, wamezunguka jiko la mkaa. Walikaa hapo mpaka malori yalipokuja kuwapeleka kambini. Kichanga kile kilipona. Sheikh na baba hawakusemeshana mwezi mzima, ila salamu ya lazima.

Miaka mingi nilidhani baba aliona haya kwa kuwa watu walinyamaza. Sasa nami ninafundisha watoto wa madrasa, na ninaelewa zaidi. Sheikh angemkaripia, baba angekuwa na majibu. Angetaja tahara, angetaja michango ya waumini, na angeshinda. Sifa haina jibu. Ukiwekewa zulia kavu na mtoto aliyelowa katika sentensi moja, hakuna tena anayehitaji kukuambia umekosa.

Lakini kuna jambo lililonichukua muda zaidi kulikubali. Sheikh alitoa zile sifa akijua zina mwiba. Mimi nilizirudia nikiamini kila neno, kwa kuwa baba ndiye aliyenifundisha kitu gani kinastahili kulindwa. Naamini ni hilo, kuliko mawaidha yenyewe, lililomtoa kwenye kile chakula.