Mpagazi Aliyetupa Sufuria

Kwa miaka mingi Mwalimu Wilhelmina aliwaambia watu wa Chilangala kwamba babu yake alikuwa sajini katika vita vya Mjerumani. Ukweli aliujua peke yake: babu alikuwa mpagazi, akabebeshwa sufuria za maofisa, akazitupa porini na kukimbilia ng'ambo ya Ruvuma.

Alipostaafu, akiwa mjane, akawa anawasomea jirani zake, waliomwita Mama Lucian, riwaya ya vita hivyo huku wakibangua korosho barazani kwake. Makamanda walipopanga mapigano, Dominika alipiga miayo. Mpagazi Chilumba alipoiba muhogo wa kapteni, wote walikaa wima.

Siku moja, humo kitabuni, Chilumba alibwaga mzigo, akatimua mbio kuelekea mtoni.

"Kimbia, mwanangu," Dominika alikiambia kitabu. "Usigeuke nyuma."

"Mwoga huyo," Esther akamchokoza.

"Mwoga ni wewe unayekimbizwa na jogoo. Mwenzio anawafuata wanawe. Kwani vita vyenyewe vilikuwa vya nani?"

Chilumba alipokanyaga ng'ambo, vigelegele vilirindima mpaka barabarani. Wilhelmina naye alicheka hadi miwani ikamdondoka.

"Babu yangu alifanya hivyo hivyo," alisema, na ulimi ukawa umeshaponyoka.

"Yule sajini?" Esther aliuliza.

"Hakuwa sajini. Alibeba sufuria, akazitupa."

Mikono yote ikasimama. Wilhelmina alisubiri jina la ukoo lianguke. Dominika akasogeza kigoda chake karibu.

"Mama Lucian, weka hicho kitabu kwanza. Huyu mzee wetu, alizitupa wapi?"