Dirisha la Shangazi Darubini

Mtaa mzima ulimwita shangazi yangu Darubini, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la mbele, kidirisha chembamba kama mlango wa kabati. Hakuna aliyepita bila kukaguliwa kuanzia kola mpaka pindo. Ukipita na nguo ya mtindo mpya leo, kesho shangazi kashaikata ya kwake, kwa kuiona tu. Na mimi nimerithi ugonjwa huo wa kutaka kuona, sijitetei.

Macho yake yalipoanza kufifia, mwanga wa kidirisha kile haukumtosha tena. Nguo za wateja zikaanza kutoka upogo. Binti yake akasema basi, afunge kazi, ahamie kwake akapumzike. Shangazi aliogopa neno hilo "kupumzika" kuliko ugonjwa. Akaenda kuagiza dirisha pana la alumini, na huko ndiko alikoambiwa kwamba nyumba za zamani za mtaa wetu haziguswi upande wa mbele bila kibali. Akaomba kibali. Siku afisa wa mipango miji alipokuja kukagua, nami nilikuwepo. Ningekosaje?

Alikuwa mtu mpole, mwenye suruali iliyopunjwa urefu. Shangazi alishaiona kabla hajapiga hodi.

"Alumini haiwezekani, mama," alisema. "Na kupanua ukuta pia hapana. Sura ya nyumba ibaki kama ilivyojengwa."

"Sasa nishone gizani, mwanangu?"

Afisa alikuwa ameinua shingo, anatazama juu ya dirisha, mahali lipu ilipobanduka. Nikatazama nami. Boriti iliyobeba ukuta ilikuwa inaendelea kulia na kushoto, kulipita dirisha kwa mbali.

"Boriti ndefu hivi, juu ya kitundu hiki?" alijiuliza. Akagongagonga ukuta, kisha akaomba ruhusa akakwangua lipu kidogo pembeni. Nyumba ni ya mawe. Pale yalitokea matofali.

"Dirisha lenu lilikuwa pana, mama. Kuna mtu aliliziba."

"Nani?" niliropoka.

Shangazi aliketi kwenye kiti chake cha kushonea.

"Marehemu," alisema. "Nilipoletwa hapa bibi harusi, ukuta huu ulikuwa bado unanuka lipu mbichi. Akaniambia amenipambia nyumba." Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Tangu uchumba alikuwa akininunia njiani. Eti macho yangu hayatulii, yanafuata wanaume wa watu."

Afisa alijifanya anafuta vumbi mikononi. Kisha akasema taratibu, "Basi mama, huombi kubadilisha. Unaomba kurudisha. Likirudi la mbao kama lilivyokuwa, kibali utakipata."

Na alikipata. Mwashi akabomoa matofali, seremala akaweka dirisha la mbao na vioo, mwanga ukaingia mpaka mlango wa jikoni. Shangazi akatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada wa mtu. Nilidhani atashangilia. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha mteja.

Halafu akaitoa picha ya mumewe ukutani, akaisimamisha dirishani, uso ukielekea barabarani.

"Tazama na wewe," alimwambia. "Nilikuwa naangalia mishono tu."