Skuta Mbili za Umeme na Mdomo Wangu

Mwenyekiti wetu wa mtaa aliwahi kuinama katikati ya barabara pale Ujiji, akaweka sikio kwenye skuta yangu, akatulia, halafu akainuka na kutangaza mbele za watu:

"Hii imekufa."

Na mimi nilikuwa juu yake. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeitoa Katubuka, inatembea vizuri tu.

Msinicheke mapema, wadau. Sehemu za kucheka ziko mbele, mtazikuta.

Naitwa Castory. Mwaka ule Wakongo walikuwa wanavuka ziwa kila wiki wakikimbia vita, maboti yanashusha watu bandarini, na mji mzima ulikuwa unazungumza habari hiyo. Mimi kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu. Skuta ya umeme.

Niliuza shamba ili niinunue.

Baba mkwe wangu, Mzee Leonardi wa Simbo, alitupa mimi na mke wangu Frida kipande cha michikichi tulipooana. Nikakiuza, nikaja na skuta ya kijani. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima: petroli inapanda bei kila kukicha, umeme uko ukutani unanisubiri.

Frida hakufoka. Angefoka ningejua pa kuanzia kumbembeleza.

"Mpaka mwisho wa mwezi, Baba Dainess," alisema. "Hiyo kitu isipopata kazi ya kueleweka, mimi na watoto tunarudi Simbo kwa baba. Utabaki na mke wako wa kijani."

Namjua Frida. Huwa hasemi mara mbili.

Sasa, kwenye kijiwe chetu cha bodaboda wenye skuta za umeme tulikuwa wawili, mimi na Oswald. Ya kwake nyekundu, kampuni nyingine kabisa. Watu wakawa wanatushindanisha kama Simba na Yanga.

Niseme ukweli kama mmiliki, bila kijicho.

Nyekundu inakimbia. Kile kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga inakipanda na abiria na kiroba cha muhogo. Ya kwangu ikifika hapo abiria anashuka, tunaisindikiza kwa miguu huku tunapiga stori.

Chaji ya nyekundu inamaliza siku. Ya kwangu ikifika saa saba mchana inaanza kutaka kwenda nyumbani.

Ila betri yangu inachomoka, naibeba mpaka ndani. Ya Oswald haichomoki ng'o. Kwa hiyo skuta nzima ilikuwa inachajiwa sebuleni kwake, na wageni wakija wanabanana mkekani kwa sababu nafasi ya kochi imechukuliwa.

Halafu ilikuwa na kengele ya wezi, sauti ya mwanamke wa Kichina. Ukiigusa kidogo tu anafoka, wala hujui umetukanwa au umesalimiwa. Mke wa Oswald alimvumilia wiki mbili. Ya tatu akauliza huyo mwanamke ataondoka lini nyumbani kwake.

Lakini zote mbili zilikuwa na kilema kimoja. Kimya.

Siku moja nimempakia Mama Eufrasia, muuza samaki wa migebuka kutoka Katonga, ndoo yake mapajani. Tunateremka vizuri. Ghafla akapiga yowe.

"Imezima! Yoo, imezima, tunakufa!"

Akaruka. Yeye akaangukia majanini salama, migebuka ikalala barabarani kama imeanikwa.

"Mama, haijazima. Ndivyo ilivyo."

"Ilivyo vipi? Chombo kinatembea hakisemi? Mimi nina watoto, bwana!"

Habari zikafika Ujiji kabla yangu. Abiria wakanikimbia. Abiria wa kwetu anataka asikie nauli yake ikifanya kazi.

Ndipo nilipoanza kunguruma kwa mdomo.

Mwanzo ulikuwa utani. Nilimpitia Mama Eufrasia asubuhi, nikawasha: ngrrrrr! Nikaondoka na gia ya kwanza, nikabadilisha ya pili, kwenye kona nikapunguza, taratibu zote. Tulipofika akashuka ametulia.

"Sasa imepona," akasema. "Fundi nani?"

Na alijua kabisa! Alikuwa amekaa nyuma ya shingo yangu, anaona mashavu yanavyocheza. Lakini kuanzia hapo akawa mteja wa kila siku, na siku nikiwa na mafua ananiambia, "Leo gia ya tatu inakwama, Castory. Kunywa tangawizi."

Oswald akakataa katakata kunguruma. "Mimi mtu mzima," alisema. "Skuta yangu bora, watanitafuta wenyewe." Hawakumtafuta.

Tatizo, mdomo ukazoea. Nikawa nanguruma nikipanda ngazi. Nanguruma nikiinuka mezani. Siku moja kanisani tulipoambiwa tusimame, mimi nilisimama na gia ya kwanza, na benchi zima likageuka. Frida hakuzungumza nami mpaka Jumanne.

Na pamoja na makelele yote hayo, kazi yenyewe ilikuwa ya kubangaiza tu. Zikabaki siku tano mwezi uishe. Nikaona Frida ameanza kukunja nguo za watoto. Niliumia, sitaki kudanganya.

Siku hiyohiyo akaja kijiweni nesi wa kituo cha mapokezi cha wakimbizi, Sista Rozalia.

"Natafuta skuta moja ya umeme," akasema. "Kazi ya kila siku, kuleta dawa kituoni. Watoto wetu wakisikia pikipiki wanaingia chini ya vitanda. Kuna mmoja, Elida, anakaa huko mpaka jioni, na tangu ashuke kwenye boti hajasema neno. Nataka chombo kisichosikika."

Hata wale wasemaji sana wakavua kofia. Kisha mimi na Oswald tukanyoosha mikono kwa pamoja.

"Mje kesho wote," akasema Sista. "Mpite mbele ya watoto. Nitakayemwona hajawashtua, kazi ni yake."

Nikarudi nyumbani nikamweleza Frida. Alinitazama kwa huruma.

"Kazi ya kimya. Wewe."

"Nitajikaza."

"Hujikazi. Ngoja."

Asubuhi akanijaza ubuyu mdomoni, mashavu yote mawili, akanifunga kidevu kwa kipande cha kitenge. "Usitafune. Usimeze. Nenda."

Nilitoka nyumbani nimevimba kama mtu anayeumwa jino.

Kituoni watoto walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya nje. Oswald akaanza. Nyekundu ikapita kama kivuli, hakuna mtoto aliyegeuka. Akaegesha, akashuka, akakunja mikono. Nikajua nimekwisha.

Mbuzi mmoja akaja kujikuna kwenye tairi lake.

Yule Mchina wa kengele alifoka! Alifoka bila kupumua, na Oswald anatafuta kitufe hakioni. Watoto wakatawanyika, benchi likapinduka, uwanja ukabaki mtupu.

Sista Rozalia akashika kichwa. Ilichukua nusu saa kuwarudisha, na Elida hakurudi kwenye benchi. Alijificha nyuma ya pipa la maji.

"Haya, Castory," akasema Sista, amechoka. "Polepole."

Nikaondoka. Kimya. Meta kumi, kimya. Ubuyu unanitoa machozi, lakini kimya. Kichwani nikaanza kumwona Frida akizirudisha nguo kabatini.

Yule mbuzi akakatiza mbele yangu.

Nilishika breki, na mdomo, wallahi, haukuniomba ruhusa. Kitenge kilifunguka, ubuyu wote ukaruka ukatua kwenye gauni jeupe la Sista, na mimi nikatoa: "Ngrrrrr-ngrrr-piii! Piiii!"

Nikafumba macho. Kwaheri Frida. Kwaheri watoto.

Hakuna aliyekimbia.

Nikafumbua. Watoto walikuwa wananitazama mdomo. Na nyuma ya pipa akatokea binti wa miaka kama sita, akatembea hadi kwenye skuta, mikono kiunoni.

"Papa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "haiko inalia vile."

Sista akaniminya mkono, kucha zikaingia. Nikaelewa huyu ni nani.

"Inalia vipi?" nikauliza.

Akavuta pumzi, akanguruma. Mungu wangu. Ile sauti ilitoka tumboni, ikapanda, ikashuka, ikazima kwa kukohoa. Oswald alirudi nyuma hatua mbili. Halafu Elida akaniambia nirudie. Nikarudia, akanikosoa tena, na watoto wengine wakaanza kuwasha za kwao, uwanja mzima. Mimi nilikuwa nanguruma na huku nalia, na ubuyu haukuwamo tena mdomoni.

Mwisho wa yote Sista alijifuta gauni, akatoa hukumu.

"Oswald, kazi ya dawa ni yako. Huyo mwanamke mkatie waya leo."

Nikashika usukani wa skuta, niondoke.

"Castory, wewe uje kila siku saa nane. Natafuta mtu wa kuwazoesha hiyo sauti tangu mwezi uliopita. Utalipwa kama Oswald."

"Asante, Sista! Skuta nitaifungia na taa, nitaiosha..."

"Skuta iache nyumbani," akasema. "Inachukua nafasi."

Siku ya mwisho wa mwezi Mzee Leonardi akafika Katubuka kumchukua binti yake. Tukampa shikamoo, Frida akampa kiti, yeye akakaa upande wangu. Nguo zilikuwa kabatini.

"Kwa hiyo amepata kazi," mzee akasema. "Kazi gani?"

"Ananguruma, baba," Frida akajibu bila kupepesa macho.

"Wanamlipa?"

"Kila wiki."

"Na hiyo skuta?"

"Haihitajiki."

Mzee akageuka kuitazama skuta iliyoegeshwa pembeni. 

"Yaani Castory," akasema taratibu, "uliuza michikichi yangu ukanunua chombo, ili uje ugundue mdomo uliozaliwa nao."

Nikainuka kumletea maji, na mdomo ukatoa gia ya kwanza. 

Basi wadau, wanaoniuliza inboksi skuta ipi bora, nawajibu kama mmiliki: chukueni nyekundu, ina nguvu, ina chaji, ila mkimbilie fundi mapema kuhusu yule mama. Ya kijani ninayo, haijatembea sana, anayeitaka aje Katubuka tuongee.

Na kama unataka kuuza shamba kwa ajili ya mradi, kaa kwanza ujiulize una nini mwilini ambacho hukukinunua. Anza na hicho. Michikichi ya Simbo imezaa vizuri mwaka huu, na anayevuna ni mtu mwingine.