Uzi Kwenye Kizibo

Bi Pindo alirudi barazani kwetu asubuhi na begi lake lilelile, akaomba cherehani yake. Hakusalimia. Mtu huyu, ambaye asipokusalimia ujue anaumwa, aliketi, akatunga uzi kwenye sindano, ndipo akasema, "Mwenzangu, nimechezewa shere na mwanangu wa kuzaa."

Jina la Pindo tulimpa sisi mafundi wenzake, kwa sababu hawezi kuona ukingo wa kitambaa uko wazi asiupinde. Ameshona kwenye baraza hii tangu mwanawe akitambaa chini ya meza na kutafuna vifungo. Mumewe alipofariki, cherehani hiyo ndiyo iliyomlea kijana mpaka akawa mtu na ofisi yake.

Kijana huyohuyo alikuja hapa, mbele yetu sote, mkewe alipojifungua. "Mama, bila wewe hatuwezi. Vile vitambaa vya dukani vya kumfutia mtoto vinambabua ngozi. Njoo utushike mkono." Bi Pindo alichanua. Wateja wake akaniachia mimi, cherehani akaifunika, akaenda.

Huko alichukua fulana za marehemu mumewe, pamba laini iliyochoka kwa kufuliwa, akazikata vipande vya ukubwa wa kiganja, akavipinda vyote. Ni vya kumfutia mtoto makalio, jamani, lakini akavipinda! Kisha akatengeneza maji yake: anayachemsha, anayaacha yapoe, anatia mafuta ya nazi kidogo na tone la sabuni ya mtoto, anamimina kwenye chupa na kutikisa. Maji hayo hayakai sana bila kuharibika, kwa hiyo kila baada ya siku moja alimwaga yaliyobaki, akatengeneza mapya. Na kila mara yalibaki mengi.

"Tunatumia kidogo, mama," mkwe alimwambia. "Yana nguvu hayo."

Akafurahi. Nani asingefurahi? Akawa anachemsha, anafua, anaanika, anakunja. Mwanawe humwambia mbele ya wageni, "Mama yangu ndiye daktari wa ngozi wa nyumba hii."

Mikono ndiyo iliyomfumbua macho. Siku moja alipokuwa analoweka vitambaa, kabla hajatia sabuni, alihisi havitelezi. Kitambaa kilichoguswa na mafuta anakijua hata gizani. Akavinusa, havikunuka kitu. Doa hakuna, na maji ya beseni yalibaki safi kama yalivyotoka bombani.

Alipotengeneza maji mapya, alifunga uzi mwembamba kutoka shingo ya chupa hadi juu ya kizibo, akapiga fundo dogo ambalo asiyeshona hawezi kuliona. Jioni ndoo ya vitambaa vichafu ilikuwa imejaa, vyote vimelowa. Mkwe akampa mtoto ampakate. "Leo ametulia kweli, mama. Yale maji yako yamemsaidia."

Uzi ulikuwa palepale, haujakatika.

"Nilimwita mwanangu jikoni," Bi Pindo aliniambia, "nikamshikisha chupa, nikasema, nieleze. Akainamisha kichwa." Kumbe tangu wiki ya pili walipata pakiti za vitambaa vya dukani vya aina nyingine, visivyobabua. Wakazificha kabatini kwao. Vile vitambaa walikuwa wakivilowesha bombani na kuvitupa ndooni ili mama avifue.

"Hatukutaka kukuumiza, mama," kijana alisema. "Tuliona bora uwe na kitu cha kukushughulisha."

Cha kukushughulisha! Mimi niliyesimuliwa tu nilipandwa na hasira, nikatamani nimrudishe kijana yule chini ya meza akatafune vifungo vyake. Mwanamke ameacha kazi iliyomsomesha yeye, amezikata fulana za mumewe, halafu anafulishwa vitambaa safi kama mtoto anayepewa sufuria tupu apike. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa aliyoijaza mwenyewe.

Simu yake ililia mchana uleule. Akaiweka mezani, sauti wazi, huku akiendelea kushona.

"Mama, rudi," kijana alisema. "Tumekosa. Mtoto anakulilia tangu ulipoondoka, habembelezeki."

Cherehani ikanyamaza. Niliona uso wake ukilainika, nikajua ataondoka hata kwa miguu. Mkono ulishafika kwenye begi. Halafu ukarudi.

"Ananililia kweli, baba," aliuliza, "au na hilo mnanifurahisha tu?"

Nyuma ya kijana mtoto alisikika akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Bi Pindo alikisikiliza kilio hicho, kisha akakata simu.

"Zamani ningeamini," aliniambia. "Sasa sijui."

Akachukua sindano nyingine atunge uzi, akajaribu, akajaribu tena. Macho yalikuwa yamejaa. Nikamnyang'anya, nikamtungia mimi.