Makofi na Chaki

"Madam, mbona mdomo unakata hapa na chaki inakata pale?"

Zuhura, msichana wa kidato cha kwanza kutoka Mohoro, aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kufundisha Kifaransa Kibiti. Ubaoni niliandika *parlons*, yaani tunasema. Kwa silabi, jinsi mdomo unavyotamka, ni *par-lons*. Kwa mofimu, vipande vyenye maana, ni *parl-ons*: mzizi wa kusema, kisha mwisho unaobeba "sisi". Kwa nini mikato haikutani? Chuo kikuu hakuna aliyeniambia. Nikajibu, "Tutafika huko," nikafuta ubao.

Wanafunzi wakabuni njia yao. Silabi walizisoma kwa mahadhi ya madrasa, mabega yakiyumba, kila silabi na kofi lake. Mofimu zilikatwa kimya, kwa chaki. Mkuu wa shule hakupendezwa.

"Mwalimu, hili darasa au maulidi?" alisema. "Mthibiti ubora akija kukagua shule akakuta kelele hizi, Kifaransa nakifuta. Watoto wakalime bustani."

Usingizi ukaniruka. Huenda Mkuu alikuwa sahihi. Nani Kibiti ana haja na Kifaransa? Lakini Zuhura alikuwa ameanza kukata vitenzi hata kwenye jalada la daftari la hesabu. Ningemwambia nini?

Asubuhi moja, katikati ya makofi, mzee mwenye faili kwapani akasimama mlangoni. Nyuma yake Mkuu, amenuna. Nikashusha chaki. Darasa halikunyamaza.

"Endeleeni," mzee akasema. Akatazama ubao. "Mbona makofi na chaki havipatani?"

Nikaandika *someni*. "Pigeni!" *So-me-ni*, makofi matatu. "Zuhura, kata mzizi." Akakata baada ya *m*.

"Hata kwetu havipatani, babu," Zuhura akasema. Darasa zima likacheka.

"Kofi linafuata sauti," nikasema, "chaki inafuata maana."

Mzee akaguna, akaandika kitu, akaondoka. Nilisubiri kuitwa ofisini. Sikuitwa. Kifaransa kilibaki kwenye ratiba mpaka nilipoacha ualimu, nami nikaenda nikijisifu kwamba nilimshinda mthibiti.

Juzi nilimkuta Mkuu huko Nyamwage, amestaafu, anauza miche ya minazi. Nikamtaja mthibiti wangu.

"Mthibiti gani?" akacheka. "Mwaka ule hakuja hata mmoja. Yule alikuwa bwana afya, alikuja kukagua vyoo."